Unauza taa za LED za gari za 4x4 mtandaoni? Pima haya kabla hujapokea pesa ya mtu

Leo naongea na nyinyi mnaouza spea na mapambo ya gari kwa WhatsApp na Instagram, hasa hizi taa za mbele za LED ambazo kila mtu sasa anazitaka. Mimi nina duka dogo Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini, lakini wateja wangu wengi wananipata kwenye simu. Skuli nimeishia form four. Haya mambo ya taa nimejifunza kwa kufungua maboksi, kukaa na mafundi umeme na kusoma maandishi madogo ambayo wengine wanayatupa.

Nianze na jambo moja. Kava ya simu ikiwa mbovu, anaeumia ni yule aliyenunua. Taa ya mbele ni biashara nyengine kabisa: mmoja ananunua, mwengine anaumia. Mteja wako anakaa nyuma ya taa, yeye anaona raha tu. Anaekuja mbele yake ndiye anaepofuka. Na huyo hajakununulia kitu, hakujui, wala hawezi kuja DM kulalamika. Ndo maana hii bidhaa inataka muuzaji anaejua anachouza.

Hesabu ndogo tu. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akipofushwa sekunde 2, ameshakwenda mita 28 hajaona kitu. Sasa fikiria njia ya Paje au Jambiani usiku: baskeli haina taa, gari ya ng'ombe inarudi shamba, watu wanatembea pembeni wanatoka kusali Isha. Mita 28 ni nyingi sana.

Haya, twende moja moja.

1. MUULIZE MTEJA TAA YAKE INA TATIZO GANI

Hapa Unguja wateja wa taa hizi wako makundi matatu. Kuna wenye gari za kukodisha watalii: Escudo, RAV4, Jimny. Kuna wenye Land Cruiser na Defender za kazi na za mahoteli ya mashamba. Halafu kuna vijana wanaotaka gari ipendeze. Wote wanakuja na neno moja: "Kaka, nataka LED, taa zangu hazioni."

Usimtajie bei hapo hapo. Mwambie akutumie picha ya taa yake mchana, kwa karibu. Mara nyingi utakuta vitu hivi:

- Kioo cha plastiki kimekuwa cha njano na chakavu kwa jua. Hapo hata umuwekee globu ya ndege, mwanga unatawanyika tu. Anahitaji kusuguliwa na kupolishiwa kioo.
- Reflekta, ile sehemu ya ndani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, imebabuka. Hapo ni kubadilisha taa nzima, globu mpya haisaidii.
- Waya ni za zamani na soketi imeota kutu, umeme haufiki wote. Globu ya halojeni inaumia sana na hili: volti ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Fundi akiweka rilei na waya mpya kutoka kwenye betri, taa zile zile za zamani zinarudi kama mpya.

Utasema, sasa mimi ntauza nini nikimwambia akapolishi kioo? Utauza rilei na waya. Na utauza jina. Mteja uliyemuokolea pesa harudi peke yake, anakuja na wenzake.

2. JUA UNAUZA KIPI KATI YA VITATU

Watu wanasema "LED" kama kitu kimoja. Ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni globu ya LED, inachomekwa mahali pa globu ya halojeni kwenye taa ile ile. Ndo rahisi, ndo inauzika, na ndo yenye kesi nyingi. Sababu ni hii: reflekta ya gari imechongwa kwa kufuata pale waya mdogo wa halojeni unapowaka. LED haina waya, ina vidude bapa vya mwanga pande mbili. Vikikaa nje ya pale pahala, hata kwa milimita moja au mbili, mwanga unakwenda usikotakiwa. Mwenye gari anaona kweupe mbele ya boneti anafurahi, kumbe kule mbali haoni zaidi, na aliye mbele amemwagiwa mwanga wa macho. Ukiuza globu, chagua ile ambayo vidude vyake ni vyembamba na vimekaa pale pale ulipo waya wa halojeni. Chukua globu mbili, ziweke sambamba, linganisha kwa macho yako.

Cha pili ni taa nzima ya LED. Ile ya mviringo ya inchi 7 inakaa kwenye Defender, Land Cruiser nyingi za zamani, Suzuki za zamani zenye taa duara na Jeep Wrangler. Hii imeundwa LED tangu mwanzo, na lenzi yake yenyewe. Ikiwa nzuri inakata mwanga kwa mstari safi. Bei iko juu lakini kesi ni chache.

Cha tatu ni taa za ziada: zile bar ndefu na zile za mraba za kazi. Hizi ni za porini, ufukweni na kwenye viambaza vya shamba. Si za kuwasha barabarani ukiwa unapishana na watu. Ukiuza bar, andika hivyo kwenye posti yako, na mshauri mteja aweke swichi yake peke yake ili aizime akifika lami.

3. KUSHOTO NA KULIA: HAPA NDO WENGI WANALIWA

Sisi Tanzania tunaendesha kushoto. Taa yetu ya dimu inatakiwa imulike chini upande wa kulia, kule wanakotoka wanaokuja, na inyanyuke kidogo upande wa kushoto ili uone pembeni ya njia na wanaotembea. Dubai, Oman, China na Marekani wanaendesha kulia. Taa zao zimenyanyuka upande wa kulia. Ukiifunga taa ya kule kwenye gari ya hapa, ule mwanga ulionyanyuka unakwenda moja kwa moja kwenye macho ya mtu anaekuja.

Na mizigo yetu inatoka wapi? Dubai na China. Umeona sasa.

Gari zilizotoka Japani ziko salama na taa zake za asili, kwa sababu Japani nao wanaendesha kushoto kama sisi. Uingereza pia. Gari iliyoletwa kutoka Dubai, angalia.

Namna ya kujua taa nzima ni ya upande gani:

- Tafuta kwenye kioo alama ya herufi E ndani ya duara yenye namba. Hiyo ni alama ya viwango vya kimataifa, na namba ni ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Karibu na alama hiyo kunaweza kuwa na mshale. Simama mbele ya taa uitazame. Mshale unaoelekea kulia kwako, taa hiyo ni ya wanaoendesha kushoto, yaani sisi. Mshale wa ncha mbili, inafaa pande zote kwa kurekebishwa. Hakuna mshale, ni ya wanaoendesha kulia.
- Neno DOT ni la Marekani. Kule kiwanda kinajithibitishia chenyewe, na kule wanaendesha kulia. Kwa hiyo DOT peke yake isikutulize.
- Kwenye maboksi utaona RHD na LHD. RHD ni gari ya usukani wa kulia, ndo yetu. Lakini kuwa makini, herufi R inawababaisha hata wauzaji wa kule, wengine wanaelewa "barabara ya kulia". Usiandike herufi tu kwenye oda. Andika kwa maneno: "Kwa nchi inayoendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Uingereza na Australia." Tuma na picha ya mwanga ukutani unaoutaka.

Alama za kubandika zinaghushiwa. Kwa hiyo mwisho wa maneno ni ukuta, nitafika huko.

Niwape mkasa wa mzigo wangu mmoja. Niliagiza jozi 12 za taa za inchi 7 kutoka kwa muuzaji mmoja wa nje. Sampuli ilikuja kwanza, nikaipima, ilikuwa ya kushoto sawa sawa. Oda niliandika kwa maneno na picha nikatuma. Katoni lilipofika nikafungua jozi ya kwanza nikawasha ukutani: mwanga umenyanyuka kulia. Ya pili, kulia. Zote 12, kulia. Nikamtumia video. Jibu lake lilikuwa fupi: "Uza tu rafiki, hakuna anaejua."

Hapo ndo penye mtihani wa biashara. Mtaji umekaa sakafuni. Posti nilikuwa nishaitayarisha. Watu watatu walikuwa wanasubiri, mmoja wao ana Defender mbili za kubebea wageni kwenda Nungwi. Na kweli, hakuna hata mmoja wao ambaye angejua. Angeziwasha, angeona kweupe, angenishukuru.

Niliwaambia wote watatu kwamba mzigo umekuja sio. Mmoja akaenda kununua kwengine siku ile ile. Wawili wakasubiri.

Katoni lile nililiondoa vipi? Nilikaa nikafikiri: hii taa si mbovu, iko nchi isiyo yake tu. Nani jirani yetu anaendesha kulia? Kongo, Rwanda, Burundi. Na Kariakoo kumejaa wafanyabiashara wanaohudumia wateja wa Kongo. Nikauliza uliza kwenye magrupu, nikampata mmoja anaepeleka spea Bukavu. Nikampigia video ya ukutani, nikamueleza wazi upande gani, akachukua zote kwa bei niliyonunulia. Nauli ya kuleta ikaniungua, na mwezi mzima pesa haikuzunguka. Lakini zile taa leo ziko kwenye barabara inayozifaa. Kule hata kama gari ina usukani wa kulia imetoka Japani, taa inafuata upande wa barabara, haifuati usukani. Hilo liwekeni akilini.

Faida ya mkasa huu kwenu: mzigo ukija sio, kabla hujamtupia mteja wa karibu, jiulize ni nani duniani huu ni mzigo wake sahihi.

4. NAMBA ZA KWENYE BOKSI

Utaona "lumeni 20,000", "wati 200". Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka. Ili ulinganishe: globu ya halojeni ya H4, ile ya miguu mitatu, ni wati 60 kwenye ful na 55 kwenye dimu. Inatoa karibu lumeni 1,650 kwenye ful na 1,000 kwenye dimu. Sasa mtu anakwambia globu yake inatoa mara 20 ya hiyo. Hm.

Pima mwenyewe. Chukua mita ya umeme, ile ya bei nafuu ya fundi inatosha, pima ampia zinazopita taa ikiwa inawaka. Volti mara ampia ndo wati. Tuseme umeona volti 12 na ampia 2: hizo ni wati 24. LED nzuri inatoa karibu lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo hapo una lumeni 2,400 hivi, na nyengine zinapotea njiani kabla ya kufika barabarani. Hiyo ni taa nzuri tu! Haina haja ya uongo. Lakini ukiposti 20,000, siku mteja akikutana na fundi mwenye mita, jina lako limekwisha.

Pima pia baada ya nusu saa. LED haitoi joto kubwa mbele kama halojeni, joto lake liko nyuma, kwenye feni na bati la kupoozea. Ikiwa bati ni dogo, mwanga unaanza mkali halafu unashuka ikishapata moto. Washa, piga ampia, iache dakika 30, piga tena. Ikishuka sana usiiuze.

Rangi nayo. Halojeni iko karibu Kelvin 3,200, ndo ule unjano. LED nyingi ni 6,000 mpaka 6,500, nyeupe yenye ubluu. Inapendeza kwenye picha, lakini kwenye mvua ya masika ule weupe unarudi usoni kwa dereva na lami iliyorowa inakuwa nyeusi tupu. Kwa mtu anaesafiri mashamba kila siku, mimi nampa ya 4,300 mpaka 5,000.

5. UMEME WA GARI YENYEWE

Hapa ndo penye "kaka, taa zako mbovu" nyingi. Taa si mbovu, hazikuulizwa gari.

- Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser ikiwemo, swichi ya taa inakata upande wa negativu, sio pozitivu. Halojeni haijali hilo. Globu ya LED ya H4 inajali: inaweza kugoma, au ful na dimu zikachanganyika. Dawa ni waya wa kugeuza pozitivu na negativu, upo, ni kitu kidogo. Uweke dukani uuze pamoja.
- Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezewa soko la Japani ni za volti 24. Globu ya volti 12 ukiiweka humo inakufa hapo hapo. Tafuta zilizoandikwa volti 9 mpaka 32.
- Ile taa ndogo ya bluu ya ful kwenye dashibodi inaweza kuacha kuwaka, kwa sababu LED inavuta umeme kidogo. Mwambie mteja mapema.
- Feni ya nyuma ni ndefu. Kifuniko cha vumbi nyuma ya taa kisipofunga, vumbi na maji vinaingia ndani ya taa. Pima urefu uuandike kwenye posti.
- LED za rahisi zinaleta kelele kwenye redio. Jaribu na redio ya FM karibu kabla hujauza.

6. CHUMVI YA BAHARI

Sisi tunaishi kisiwani. Andiko IP67 lina maana: namba 6 ni kwamba vumbi haliingii, na 7 ni kwamba kinaweza kuzama mita 1 ya maji kwa dakika 30. Sawa, lakini hakuna namba hapo inayosema kuhusu chumvi. Gari za Nungwi, Matemwe na Michamvi zinakaa karibu na maji chumvi mwaka mzima, na kinachokufa kwanza ni soketi na skrubu. Mimi kila jozi naiuza na grisi ya soketi, ile isiyopitisha umeme, na namwambia fundi aipake. Kikopo kimoja kinafanya jozi nyingi, na waranti haikusumbui tena.

7. UKUTA NDO HAKIMU

Kipimo hiki ni bure. Kila muuzaji akijue, na kila mteja afundishwe.

Weka gari pahala pa tambarare, matairi yana upepo sawa, mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya utepe ukutani kwa kimo hicho. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya alama kwa karibu sentimita 5. Kanuni yenyewe ni sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukiwa umesimama nyuma ya gari, upande wa kulia mstari uwe bapa, upande wa kushoto upande juu kidogo.

Ikiwa hakuna mstari wowote, mwanga umetapakaa ukuta mzima kama maziwa yaliyomwagika, hiyo globu haifai kwenye taa hiyo. Irudishe. Usijaribu kuishusha chini mpaka isichome watu, kwa sababu hapo mwenye gari naye haoni mbali.

Mimi sharti langu la waranti ni picha ya ukutani. Fundi akishafunga, mteja ananitumia picha siku hiyo hiyo. Picha nzuri, waranti inaanza. Picha mbaya, tunarekebisha bure. Wateja mwanzo waliona usumbufu, sasa wengine wanaiweka status.

8. NAMNA YA KUPOSTI BILA KUDANGANYA

Kamera ya simu inajirekebisha yenyewe. Ukipiga taa ya zamani halafu mpya, simu inaongeza au kupunguza mwanga bila kukuambia, kwa hiyo ile "kabla na baada" inakuwa uongo hata kama hukukusudia. Gusa skrini mpaka mwanga ujifunge, tumia umbali ule ule, ukuta ule ule. Na ukiona mistari inapita kwenye video, usiogope, LED nyingine zinamemeta kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona. Ielezee tu.

Kapsheni yangu huwa hivi:

"Globu za LED H4, jozi. Wati 24 kila moja nimepima mwenyewe. Rangi 5,000. Volti 9–32. Urefu wa nyuma sm 5. Nitumie aina ya gari, mwaka, na picha ya taa yako kabla ya kulipa. Waranti miezi 6 kwa sharti la picha ya ukutani."

Maswali manne kabla ya kupokea pesa: gari gani na mwaka gani? Volti 12 au 24? Kioo na reflekta vikoje? Imetoka Japani au Dubai? Asiyejibu, mwambie taratibu kwamba hujui kama zitamfaa.

9. HESABU YA UAMINIFU

Watu wanadhani haya ni maneno ya dini tu. Hapana, ni hesabu. Tufanye mfano. Jozi inakufikia kwa shilingi 100,000 na unauza 140,000. Jozi 10 zinakupa faida 400,000. Sasa wawili wakirudisha, na zile globu zimeshachubuka huwezi kuziuza tena: umepokea 1,120,000, umetumia 1,000,000. Faida 120,000. Wateja wawili wamekula 280,000 yako. Dakika 10 za kuuliza maswali ndo mshahara mkubwa kuliko yote dukani.

10. MTEJA ANAETAKA "ZINAZOCHOMA"

Atakuja tu. "Nataka zile mtu akija mbele ashushe macho." Huyu mimi namuelewesha kwanza: njia zetu nyembamba, ukimpofusha anaekuja, yeye ndo atakayekuparamia wewe. Mara nyingi anaelewa. Nampa taa nzima yenye mstari safi, anaona mbali kuliko alivyotaka, na hamchomi mtu. Akikataa, aende salama. Siwezi kukataza kila duka, naweza kukataza langu.

Na msidhani wenzetu wameachia tu. Uingereza, gari yenye taa ya halojeni iliyobadilishiwa globu ya LED kwa kawaida inaangushwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Ujerumani walianza kuruhusu globu za LED za kubadilishia mwaka 2020, za Osram, tena kwa orodha ya gari zilizopimwa moja moja. Gari haimo kwenye orodha, hairuhusiwi. Nchi zenye lami pana na taa nyingi za barabarani zinaogopa mwanga huu. Sisi ambao njia ya Jozani ina matuta, giza, na mtu anatembea na kanzu yake pembeni, tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa makini.

Kwa hiyo leo ukifunga duka fanya kazi moja: chukua kila aina ya taa uliyonayo stoo, iwashe ukutani, piga picha, andika upande na ampia zake kwenye daftari. Zisizofaa zitenge pembeni. Kesho mteja akiuliza, hujibu kwa maneno ya kwenye boksi. Unafungua daftari lako.

Mtumie na mwenzako anaeuza spea. Mwenye swali kuhusu gari fulani aandike hapo chini aina na mwaka, ntajibu ninachokijua. Biashara njema.